Kuegemea, kuhama, kukodisha au kutofungamana: njia nne za nchi ndogo kati ya dola zinazoshindana

Tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipigia kura azimio la kulaani uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Nchi 141 ziliunga mkono, 5 zilipinga na 35 zilijizuia. Kenya, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilikuwa katika kundi la kwanza. Tanzania, Uganda na Burundi zilikuwa katika kundi la tatu. Mabishano yaliyofuata katika eneo letu, redioni, magazetini na vijiweni, yalikwenda kana kwamba serikali hizo zilikuwa na njia mbili tu, kusimama na Magharibi au kusimama na Moscow na Beijing, na kwamba aliyejizuia alikuwa ameogopa kuchagua.

Njia ni zaidi ya mbili, na nne kati yake zimekwisha kujaribiwa hapa hapa Afrika Mashariki, Kongo na Pembe ya Afrika. Mobutu Sese Seko wa Zaire, Kongo ya leo, aliegemea upande mmoja. Siad Barre wa Somalia alihama upande mmoja kwenda mwingine. Djibouti inakodisha ardhi yake kwa kila mwenye fedha na manowari. Julius Nyerere wa Tanzania alishika siasa ya kutofungamana na upande wowote. Msomaji anayetaka kupima sera ya nje ya serikali yake leo, wakati Marekani na China zinagombania bandari, reli na madini ya bara hili, atafaidika zaidi kwa kuziweka njia hizi bega kwa bega kuliko kwa kusikiliza hotuba za urafiki zinazotolewa viwanja vya ndege.

Ninazipima kwa mambo manne: nchi ilipata nini na kwa haraka gani, nani ndani ya nchi alifaidi, nini kilitokea siku mfadhili alipobadili nia, na kukataa jambo moja kuligharimu kiasi gani. Jambo la nne nalipa uzito kuliko yote. Dola kubwa hubadili serikali, hubadili maadui, wakati mwingine husambaratika kabisa, na nchi ambayo haimudu gharama ya kukataa lolote huburutwa na kila badiliko la namna hiyo.

Zaire: usalama wa haraka, kwa mtu mmoja

Mobutu alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965 katika nchi ambayo waziri mkuu wake wa kwanza, Patrice Lumumba, alikuwa ameuawa Katanga mwezi Januari 1961. Alikuwa na vitu vya kuwapa Wamarekani, Wafaransa na Wabelgiji: shaba na kobalti, nchi kubwa inayopakana na nchi tisa, na ahadi kwamba Ukomunisti hautapita katikati ya Afrika akiwa hai.

Malipo yalikuja, tena kwa wakati. Machi 1977 waasi waliotokea Angola walipoingia jimbo la Shaba, Katanga ya zamani, ndege za Ufaransa zilibeba askari wa Morocco kuja kumwokoa. Mwaka uliofuata waasi hao walirudi wakauteka Kolwezi, mji wa migodi katika ukanda wa Kongo unaozungumza Kiswahili, na safari hii walioshuka kwa miavuli walikuwa askari wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa, wakifuatwa na makomandoo wa Ubelgiji. Katika miaka ya 1980 kituo cha ndege cha Kamina kilitumika kupitishia silaha za Marekani kwenda kwa UNITA, kundi la waasi wa Angola la Jonas Savimbi. Kwa kipimo cha kumlinda mtawala, hakuna njia nyingine kati ya nne inayoifikia hii.

Aliyelindwa, hata hivyo, alikuwa mtawala peke yake. Mfadhili aliye tayari kuleta askari siku ya hatari humwondolea rais sababu ya kuwa na jeshi linalolipwa vizuri, kukusanya kodi kwa uadilifu au kutengeneza barabara za kufikia majimbo yake mwenyewe, na Mobutu hakufanya hata moja kati ya hayo. Juni 1989 alipokewa Ikulu ya Marekani na Rais George H. W. Bush; Novemba mwaka huo Ukuta wa Berlin ukaanguka. Kufikia 1993 alikuwa ananyimwa viza ya kuingia Marekani. Mei 1997 alikimbia Kinshasa mbele ya majeshi ya Laurent-Désiré Kabila, na Septemba mwaka huo akafia Morocco. Tabia yake ya utawala ilikuwa ile ile ya siku zote, na wafadhili wake waliijua vizuri. Kilichokwisha ni kazi aliyokuwa akiwafanyia.

Somalia: aliyehama katikati ya vita

Kesi ya Siad Barre inastahili kusomwa polepole, kwa sababu inaonyesha jambo ambalo vitabu vya siasa ya dunia huliacha mara nyingi: kiongozi wa nchi maskini anaweza kuvuruga mahesabu ya dola kubwa kama vile zinavyoweza kuvuruga yake.

Barre aliingia madarakani kwa mapinduzi ya Oktoba 1969, na mwaka 1974 akasaini mkataba wa urafiki na Umoja wa Kisovieti. Wasovieti walipata bandari na uwanja wa ndege wa Berbera, unaotazama njia ya meli ya Ghuba ya Aden. Somalia ilipata vifaru, ndege za kivita na washauri, mpaka jeshi lake likawa miongoni mwa majeshi makubwa kusini mwa Sahara. Ng'ambo ya mpaka, Ethiopia ya Haile Selassie ilikuwa rafiki wa Marekani. Ramani ilikuwa imenyooka: Mogadishu ya Moscow, Addis Ababa ya Washington.

Mapinduzi ya Ethiopia ya 1974 yaliipindua ramani hiyo. Mengistu Haile Mariam aliposhika hatamu Februari 1977, alikuwa akitafuta mfadhili mpya, na Moscow ikaona nafasi ya kuwa na Ethiopia na Somalia kwa pamoja. Fidel Castro wa Kuba alijaribu kuwapatanisha. Machi 1977 aliwakutanisha Barre na Mengistu mjini Aden, akapendekeza shirikisho la nchi za kijamaa katika Pembe ya Afrika. Barre alikataa. Alichokitaka ni Ogaden, eneo la Ethiopia linalokaliwa na Wasomali, na alikitaka kabla jeshi la Ethiopia halijajipanga upya.

Julai 1977 aliivamia Ogaden akiwa na silaha za Kisovieti, dhidi ya nchi ambayo Wasovieti walikuwa wanaitaka. Kwa wiki chache mkakati wake ulionekana wa kijanja: askari wake walifika Jijiga, na Ethiopia ilikuwa inayumba. Kisha Moscow ikachagua, na ikachagua nchi kubwa. Tarehe 13 Novemba 1977 Barre alivunja mkataba na kuwafukuza washauri wa Kisovieti, akitarajia kwamba Marekani ingekimbilia kuziba nafasi hiyo. Serikali ya Jimmy Carter ilikataa kumpa silaha maadamu askari wake walikuwa ndani ya ardhi ya nchi nyingine. Wakati huo ndege za Kisovieti zilikuwa zinaimiminia Ethiopia zana za vita na maelfu ya askari wa Kuba walikuwa wanaingia vitani. Machi 1978 Jijiga ilikombolewa na Barre akatangaza kuwaondoa wanajeshi wake.

Alikuwa amebaki mikono mitupu kwa upande wa wafadhili, na hapo ndipo ubaya wa kuhama unapoonekana. Anayehama wakati ana shida hana cha kujadiliana nacho, kwa hiyo hupokewa kwa bei ya chini. Marekani ilikuja kukubaliana naye juu ya Berbera mwaka 1980, baada ya mapinduzi ya Iran na uvamizi wa Wasovieti nchini Afghanistan kuifanya iitamani bandari hiyo, na hata hapo msaada haukulingana na ule wa Moscow. Silaha zilizobaki ziligeuzwa dhidi ya raia: mwaka 1988 Hargeisa ilipigwa mabomu na ndege za serikali yake yenyewe. Januari 1991 Barre alikimbia Mogadishu na dola ya Somalia ikavunjika.

Madhara hayakuishia Mogadishu. Zbigniew Brzezinski, mshauri wa usalama wa taifa wa Carter, aliandika baadaye kwamba mazungumzo ya kudhibiti silaha za nyuklia yalizikwa katika mchanga wa Ogaden. Inawezekana alitia chumvi, maana mkataba uliotokana na mazungumzo hayo, SALT II, ulisainiwa mjini Vienna mwaka 1979 na ni uvamizi wa Afghanistan uliouzika rasmi. Lakini ni kweli kwamba baada ya Ogaden wenye msimamo mkali mjini Washington walikuwa na ushahidi mkononi kwamba Moscow haina nia ya kupunguza uhasama, na ushahidi huo walikuwa wameupewa na uamuzi wa mtu mmoja wa Mogadishu. Msomaji anayedhani nchi ndogo hupokea tu utaratibu wa dunia uliopangwa na wengine auweke uamuzi huo kando ya dhana yake.

Djibouti: mpangishaji wa wote

Djibouti ilipata uhuru Juni 1977, ikiwa na watu wachache, haina maji ya kutosha wala mashamba ya maana. Ina mlango wa bahari wa Bab el-Mandeb, na kwa huo imejenga uchumi. Wafaransa hawakuondoka. Wamarekani waliingia Camp Lemonnier baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, na kwa mkataba wa 2014 walikubali kulipa takriban dola milioni 63 kwa mwaka. Wajapani walifungua kambi mwaka 2011, Waitaliano wakafuata, na tarehe 1 Agosti 2017 China ikazindua kambi yake ya kwanza ya kijeshi nje ya nchi, katika eneo lile lile la mji. Hakuna mahali pengine duniani ambapo askari wa Marekani na wa China wamepanga kwa mwenye nyumba mmoja. Mwaka 2018 Marekani ililalamika rasmi kwamba marubani wake walimulikwa kwa miale ya leza kutoka upande wa Wachina. Beijing ilikana, na Djibouti ikaendelea kupokea kodi kutoka pande zote mbili.

Ukilinganisha na Zaire, faida moja ni dhahiri: hakuna mfadhili mmoja ambaye kuondoka kwake kungeiangusha serikali. Ukilinganisha na Somalia, hakuna haja ya kumfukuza mmoja ili kumpata mwingine. Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka, na Djibouti imeshika tano kwa miaka mingi bila hata moja kuponyoka.

Kasoro ziko mbili. Ya kwanza ni kwamba njia hii haiigiki. Nchi isiyo na Bab el-Mandeb ikijaribu kuweka kambi za maadui wawili mji mmoja itaambiwa ichague, kwa sababu kambi yake haina umuhimu wa kumfanya mtu avumilie jirani mbaya. Ya pili ni kwamba kodi ya pango huingia serikalini moja kwa moja, bila kupitia mfuko wa mwananchi, na serikali inayoishi kwa kodi hiyo haina haja kubwa ya kumsikiliza mwananchi. Ismaïl Omar Guelleh yuko madarakani tangu 1999. Reli ya kwenda Addis Ababa na miundombinu ya bandari zimejengwa kwa mikopo mikubwa ya China, na mwaka 2018 serikali ililitwaa gati la makontena la Doraleh kutoka kwa kampuni ya DP World ya Dubai, hatua iliyoifikisha katika kesi za usuluhishi mjini London. Mpangishaji naye anaweza kujikuta ana deni kwa mpangaji.

Tanzania: gharama ya kukataa, na ilivyolipwa

Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi, na Nyerere akalazimika kuomba makomandoo wa majini wa Uingereza waje kuwazima. Kiongozi mwingine angetoka hapo akiwa mteja wa London. Yeye alitoka akiwa ameaibika, na miaka iliyofuata inaeleweka vizuri zaidi ukianzia kwenye aibu hiyo: jeshi liliundwa upya, mafunzo yakatolewa na Wakanada na Wachina kwa wakati mmoja, jambo ambalo lilizishangaza Ottawa na Washington kwa kiasi kinacholingana.

Mtihani wa kwanza ulitoka Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 Ujerumani Mashariki ilikuwa imejiimarisha visiwani, na majumba ya ghorofa ya Kikwajuni na Michenzani ni kumbukumbu inayoonekana mpaka leo. Muungano wa Aprili 1964 uliurithi ubalozi wake wa Zanzibar. Ujerumani Magharibi ilikuwa na kanuni ya kuzitenga nchi zinazoitambua Ujerumani Mashariki, na ilikuwa mfadhili mkubwa wa Tanganyika. Nyerere alitafuta njia ya kati: Wajerumani wa Mashariki wabaki na ofisi ya konseli mkuu Dar es Salaam, bila kutambuliwa kama dola. Bonn ilijibu mapema mwaka 1965 kwa kuwaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Hapo Nyerere akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea: aliwaambia wachukue na msaada wao mwingine wote, kwa sababu msaada unaotumika kama fimbo haukuwa msaada aliouomba.

Desemba mwaka huo huo ukaja mtihani wa pili. Wazungu wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walikuwa wamejitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaamua kwamba wanachama wavunje uhusiano na Uingereza ikiwa itakuwa haijachukua hatua kufikia tarehe 15 Desemba. Nchi nyingi zilizopitisha azimio hilo zilipata udhuru siku ilipofika. Tanzania ilivunja uhusiano, na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 uliokuwa tayari ukazuiwa. Ukijumlisha na wanadiplomasia wawili wa Marekani waliofukuzwa Januari 1965 kwa tuhuma za njama, mmoja wao akiwa Frank Carlucci ambaye baadaye alikuwa waziri wa ulinzi wa Marekani, nchi hiyo changa iligombana na wafadhili wake wakuu watatu ndani ya miezi kumi na miwili.

Wakosoaji walisema imehamia kwa Wachina. Ushahidi wa kuwajibu uko kwenye ukanda wa kwenda Zambia. Benki ya Dunia na nchi za Magharibi zilikataa kugharimia reli ya kuiokoa shaba ya Zambia isipite Rhodesia. China ilikubali mwaka 1967, ikatoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, na kati ya 1970 na 1975 ikajenga kilomita 1,860 za reli kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Lakini barabara ya lami inayopita ukanda huo huo ilijengwa kwa fedha za Marekani, Benki ya Dunia na Sweden, na bomba la mafuta la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968, lilijengwa na Waitaliano. Ukisimama Makambako, ambapo reli na barabara kuu zinakutana, unaona pande mbili za Vita Baridi zikiwa zimefanya kazi kwa mwajiri mmoja. Mobutu hakuwahi kupata kitu cha namna hiyo, kwa sababu aliyemwegemea hakuwa na mshindani wa kumfanya apunguze bei.

Kwa hiyo je, Tanzania ndiyo mfano wa kuigwa? Kwa sehemu, na sehemu inayobaki ni nzito. Kutofungamana kisiasa kulikwenda pamoja na kutegemea misaada kulikoongezeka mwaka hadi mwaka. Nchi za Skandinavia, Benki ya Dunia, Wachina na wengineo waligharimia sehemu kubwa ya bajeti ya maendeleo, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizopewa misaada mingi barani. Mfadhili wa kumnyooshea kidole hakuwa mmoja, ila jumla yao ilikuwa kamba ile ile. Kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, bei ya mafuta, vita dhidi ya Idi Amin ambayo Tanzania iliilipia kwa kiasi kikubwa peke yake, na mashirika ya umma yasiyozalisha, vyote viliikuta hazina ikiwa tupu. Nyerere aliyakataa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, akahoji hadharani mwanzoni mwa 1980 tangu lini shirika hilo limekuwa wizara ya fedha ya dunia. Swali lilikuwa zuri, lakini maduka yalikuwa matupu. Mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya yeye kung'atuka, serikali ya Ali Hassan Mwinyi ilisaini.

Kuna doa jingine ambalo wapenzi wa Mwalimu hulipita haraka. Mwananchi aliyelipa gharama ya msimamo huo, kwa sabuni na sukari ya foleni, hakuwa na chama kingine cha kukipigia kura wala nafasi pana ya kuuliza kama gharama hiyo imezidi. Naona msimamo ulikuwa sahihi katika mengi, hasa Rhodesia. Ungekuwa na mizizi zaidi kama ungejadiliwa.

Njia zikisimamishwa pamoja

Kwa haraka ya manufaa, kuegemea kunaongoza, kukodisha kunafuata, kutofungamana ni kwa polepole, na kuhama hakutabiriki. Kwa swali la nani anafaidi, kuegemea na kukodisha huwanufaisha walioko ikulu kwanza. Kutofungamana kwa Tanzania kuliacha reli, barabara na shule. Kuhama kwa Barre kuliacha silaha. Siku mfadhili alipobadili nia, Zaire na Somalia zilianguka, ilhali Tanzania ilipoteza mkopo wa pauni milioni 7.5 na serikali ikabaki imesimama. Djibouti bado haijapimwa kwa swali hilo, na itapimwa siku mmoja wa wapangaji wake atakapodai mwingine afukuzwe.

Bei ya kukataa ndiyo inayogawanya njia hizi kwa uwazi zaidi, na mfano wa karibu zaidi ni wa nguo kuukuu. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili kufufua viwanda vya nguo. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, na Washington ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya ushuru chini ya sheria ya AGOA. Kenya, yenye viwanda vinavyoajiri maelfu ya watu kushona nguo za soko la Marekani, ilijitoa mapema. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilishikilia, na Julai 2018 ikaondolewa nafuu hiyo kwa upande wa mavazi. Ni rahisi kuisifu Kigali kwa ujasiri na kuilaumu Nairobi kwa woga, lakini mauzo ya nguo ya Rwanda kwenda Marekani yalikuwa madogo mno na ya Kenya yalikuwa makubwa. Neno lile lile "hapana" lilikuwa na bei mbili, na bei hiyo ilikuwa imekwisha kupangwa miaka mingi nyuma, siku kila nchi ilipoamua itamuuzia nani nini.

Kwa sababu hiyo, ninapopima makubaliano mapya siangalii sana bendera iliyoko upande wa pili wa meza. Mwaka 2024 Kenya ilipewa na Marekani hadhi ya mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO, ya kwanza kusini mwa Sahara, huku reli yake ya Mombasa hadi Nairobi ikiwa imejengwa kwa mikopo ya China ambayo mwaka 2025 iligeuzwa kutoka dola kuwa yuan. Mchanganyiko huo unaweza kuwa wa Makambako au wa Djibouti. Itategemea kama mikopo na hadhi hiyo vinaacha viwanda na mapato ya ndani, au vinaacha deni kwa mmoja na kambi kwa mwingine.

Zambia nayo imewekwa mahali pazuri kuliko inavyodhaniwa. Septemba 2024 mjini Beijing, Rais Hakainde Hichilema na Rais Samia Suluhu Hassan walishuhudia pamoja na Xi Jinping kusainiwa kwa makubaliano ya kufufua TAZARA, ile reli ya Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ambayo kampuni ya Kichina itaiendesha kwa miaka 30 katika mpango wa takriban dola bilioni 1.4. Upande wa magharibi, Marekani na Umoja wa Ulaya zinaunga mkono ukanda wa Lobito unaoelekea Atlantiki, na shirika la serikali ya Marekani la kugharimia maendeleo limeidhinisha mkopo wa dola milioni 553 kwa reli ya Angola. Msafirishaji wa shaba mwenye milango miwili hupangiwa bei na ushindani. Mwenye mlango mmoja hupangiwa na mwenye mlango. Lusaka ingefanya kosa kubwa kukubali kifungu chochote, cha Wachina au cha Wamarekani, kinachoibana isipitishe mzigo upande wa pili. Dar es Salaam inaweza kutamani kifungu kama hicho kwa ajili ya bandari yake, lakini itapata mzigo wa kudumu zaidi kwa kuharakisha makontena kuliko kwa kumfungia jirani.

Nchi yenye mapato ya ndani ya kutosha na serikali inayokubalika ningeishauri ishike kutofungamana, ikiwa na sharti ambalo Tanzania ya 1970 haikulitimiza: misaada yote kwa pamoja, bila kujali ni wangapi wanaotoa, isizidi kiwango ambacho bajeti inaweza kuvumilia ikikatwa. Nchi yenye jiografia ya pekee inaweza kukodisha, ikiweka mikataba wazi kwa bunge na muda mfupi wa pango. Kuhama kusifanywe katikati ya vita wala kwa matumaini ya mfadhili ambaye hajatoa ahadi kwa maandishi.

Kuegemea kunabaki kwa nchi isiyo na jeshi linaloweza kulinda mipaka yake, na Kongo ya leo iko karibu na hali hiyo. Tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na Rwanda walisaini makubaliano ya amani mjini Washington, na Kinshasa haikuficha kwamba madini yake ni sehemu ya kile inachowapa Wamarekani. Hata hivyo sehemu kubwa ya kobalti hiyo inachimbwa na kampuni za Kichina, hivyo Rais Félix Tshisekedi anayo karata ambayo Mobutu hakuwa nayo, endapo ataitumia kulipia jeshi na barabara za mashariki badala ya kuitumia kununua ulinzi wa muda. Siku makubaliano yaliposainiwa, Goma, iliyotekwa mwezi Januari, ilikuwa bado mikononi mwa waasi wa M23.